Siku mbili Galena: mwongozo kwa anayetoka mara ya kwanza

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, simu yangu haitulii. "Dada, ule mji uliompeleka mama unaitwaje?" "Bila gari tunafika?" "Watoto wanapokelewa?" "Kwani huko kuna nini cha kuona?" Nimejibu kwenye simu, nimejibu arusini, nimejibu msibani. Sasa nayaandika yote hapa, ukiulizwa na mwenzio umpe asome.

Mji wenyewe ni Galena, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Illinois, jirani na pale Illinois, Iowa na Wisconsin zinapokutana. Wakazi wake ni kama 3,300 tu. Sisi tunaoishi Moline, Rock Island, Cedar Rapids, Iowa City au Chicago, mwendo wake ni kati ya saa moja na nusu na saa tatu kwa gari. Na bado nawajua watu waliomaliza miaka 10 Marekani, njia wanazozijua ni ya kiwandani, ya dukani na ya msikitini au kanisani. Overtaimu juu ya overtaimu, mpaka mgongo unagoma. Hao ndio ninaowaandikia.

Historia kidogo, ili ujue unachokitazama. Galena ni jina la jiwe lenye madini ya risasi. Miaka ya 1820 watu walimiminika hapa kuyachimba, na katika wachimbaji wa mwanzo walikuwamo watu weusi walioletwa kutoka Kentucky wakiwa watumwa. Meli za mvuke zilipanda mto Mississippi, zikaingia mto wa mji huu kupakia risasi. Miti ikakatwa ya kuchomea madini, udongo wa vilimani ukaporomokea mtoni, mto ukajaa tope, na biashara ikahamia kwenye reli. Mji ukabaki bila pesa ya kubomoa na kujenga upya. Ndiyo maana leo unatembea katikati ya majumba ya matofali ya karne ya 19 ambayo watu bado wanayaishi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kitambulisho halali chenye picha. Mwenye grini kadi aliyetimiza miaka 18 anatakiwa kisheria kutembea nayo, kwa hiyo usiiache kabatini.
- Kadi ya benki yenye jina lile lile utakaloandikishia chumba. Ya kukopa (credit) ni bora kuliko ya akiba (debit). Sababu iko hatua ya 3.
- Gari. Treni ya abiria haifiki Galena, na teksi za kuita kwa simu ni za kubahatisha. Kama huna gari, ungana na wenzio wawili mkodishe. Kampuni nyingi humtoza zaidi dereva aliye chini ya miaka 25.
- Viatu vya kutembelea. Narudia: viatu. Mji uko kwenye mteremko mkali na ngazi zake ni nyingi.
- Koti au sweta hata mwezi wa tano. Jioni bonde lile lina baridi yake.
- Thermosi ya chai na boksi la barafu lenye chakula chenu. Wanaokula halali, jipangeni kabisa; mimi sijakutana na mkahawa wa halali pale. Samaki wapo, kambare hasa.
- Dola 20 au 30 taslimu, kwa bakshishi na vitu vidogo vidogo.

Kuhusu bajeti, mimi kwa watu wawili, kulala mara mbili katikati ya wiki, hutenga dola 500 pamoja na mafuta, na huwa zinatosha. Ukienda wikendi ya Oktoba usinitajie hesabu hiyo.

Hatua ya 1: Chagua siku za wiki kabla ya kuchagua mwezi

Ingia Jumatano mchana, toka Ijumaa asubuhi. Wikendi vyumba hupanda bei na wenye nyumba wengi hawakubali ulale mara moja tu. Jumatatu na Jumanne nazo, hasa wakati wa baridi, maduka mengi hufungwa. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa pili. Tulitembea barabara nzima tukisoma vibao vya "tumefunga" mlango kwa mlango, tukaishia kula biskuti ndani ya gari huku vioo vimejaa ukungu. Mji haukuwa na kosa lolote, siku ndiyo niliyoikosea.

Kwa mwezi, mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni ni pazuri: kijani kitupu, na joto halijakuwa kali. Oktoba majani yanageuka rangi na vilima vinakuwa kama vimevikwa kanga, lakini Chicago nzima nayo inakuja kutazama. Ukitaka Oktoba, shika chumba mapema, miezi kadhaa kabla.

Hatua ya 2: Shika chumba, na uulize kwa mdomo

Kuna aina nne. Hoteli za kawaida kandokando ya barabara kuu ya US 20, nafuu, zenye friji na maikrowevu. Hoteli kongwe ya DeSoto House, iliyofunguliwa mwaka 1855, katikati kabisa ya Main Street. Nyumba za zamani ambazo mwenyewe anapangisha vyumba na kukupikia kifungua kinywa. Na nyumba nzima za kukodi nje ya mji, zinazofaa familia kubwa.

Kwa mara ya kwanza nakushauri nyumba ya kifungua kinywa, kama mko wawili. Utaamshwa na harufu ya mkate, utakaa meza moja na wageni wengine, na mwenye nyumba atakuambia leo mkahawa gani uko wazi kuliko simu yako itakavyokuambia. Lakini piga simu kwanza, uulize haya:

- Mnapokea watoto wa umri gani?
- Chumba kiko ghorofa ya ngapi, na kuna lifti?
- Choo na bafu ni vyangu peke yangu?
- Nikiahirisha, narudishiwa pesa mpaka siku gani?
- Bei mliyonitajia ina kodi ndani yake?

Swali la watoto usilipuuze. Nyumba nyingi za aina hii ni za watu wazima tu. Mwaka mmoja tulifika mahali na watoto wawili wamelala nyuma, tukaambiwa mlangoni kwamba chini ya miaka 12 hawaingii. Sharti lilikuwa limeandikwa, chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani. Pesa haikurudi. Wenye nyumba hawakuwafukuza watoto kwa chuki, ndivyo walivyojipanga. Ila ningepiga simu ya dakika mbili nisingelia usiku ule.

Hatua ya 3: Andaa kadi yako

Hoteli ikikupokea hushikilia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, mbali na bei ya chumba. Kwenye kadi ya kukopa, kinachopungua ni kiasi unachoweza kukopa tu. Kwenye kadi ya akiba, pesa yako halisi inafungwa, na inaweza kuchukua siku kadhaa kufunguliwa baada ya kuondoka. Kama kodi ya nyumba inakatwa wiki hiyo hiyo, hesabu vizuri. Uliza kiasi cha dhamana siku unaposhika chumba.

Hatua ya 4: Njia

*Kutoka Moline au Rock Island:* fuata barabara ya Illinois 84 kwenda kaskazini, Mississippi mkono wako wa kushoto. Ipo njia ya haraka zaidi, lakini mimi nakuomba ushike hii. Utapita Fulton, penye kinu cha upepo kilichotoka Uholanzi kikasimikwa juu ya tuta la mto. Ukishapita Savanna kuna hifadhi ya Mississippi Palisades, kuingia ni bure. Panda mpaka sehemu ya kutazamia, shusha thermosi, mnywe chai mkiutazama mto ulivyojigawa visiwa visiwa. Halafu Hanover, halafu US 20.

*Kutoka Chicago:* barabara ya I-90 mpaka Rockford, kisha US 20 kuelekea magharibi kupitia Freeport na Stockton. Tozo za I-90 hazilipwi taslimu tena. Kama huna kifaa cha I-PASS, lipa kwenye mtandao ndani ya siku 14, la sivyo faini itakufuata nyumbani.

*Kutoka Cedar Rapids:* US 151 mpaka Dubuque, vuka daraja, US 20 ikulete Galena.

Makosa ya dereva mgeni ni matatu. La kwanza ni mwendo: unakuja na maili 55, kijiji kinatokea, kibao kinasema 30, na polisi yuko pale pale. La pili, kutegemea mtandao: kwenye mabonde simu hupoteza mawimbi, kwa hiyo pakua ramani ukiwa nyumbani. La tatu ndilo linalonitia hofu, kulungu. Jua likizama, na hasa Oktoba na Novemba wanapotafutana, wanaruka barabarani bila taarifa. Akitokea, kanyaga breki na ushike usukani wima. Usimkwepe. Wanaoumia vibaya mara nyingi ni wale waliokwepa wakaingia mtaroni au kwenye gari linalokuja. Na ukimwona mmoja amevuka, subiri, nyuma yake wako wengine. Panga ufike kabla ya giza.

Hatua ya 5: Fika, egesha, sahau gari

Vyumba hufunguliwa saa tisa au kumi mchana. Ukiwahi, omba uache mizigo. Main Street ni nyembamba na nafasi zake zina ukomo wa muda. Soma kibao kabla hujafunga mlango, au uliza penye maegesho ya pembeni. Baada ya hapo huhitaji gari mpaka kesho mchana.

Hatua ya 6: Jioni ya kwanza, tembea Main Street tu

Ingilia upande wa kusini, penye milango mikubwa ya kuzuia mafuriko. Hiyo hufungwa mto unapofura, na barabara nzima inabaki kavu nyuma ya ukuta. Toka hapo barabara inajipinda kidogo kidogo, hivyo huoni mwisho wake; kila hatua kumi jumba jipya linajitokeza. Tazama juu, usitazame vioo vya maduka peke yake. Utaona mataji ya chuma juu ya madirisha, na majina ya wafanyabiashara wa zamani. Simama mbele ya DeSoto House. Julai 1856 Abraham Lincoln alihutubia akiwa kwenye roshani ya hoteli hii, miaka minne kabla ya kuchaguliwa rais.

Maduka mengi hufungwa saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo dukani kwanza, chakula baadaye, na chakula chenyewe usikicheleweshe, majiko ya mji mdogo huzimwa mapema. Bakshishi ni asilimia 18 mpaka 20.

Watu watakusalimia njiani. Itikia. Pengine mkahawa mzima mtakuwa ninyi tu wenye ngozi nyeusi, na mtu atauliza mmetoka wapi. Mara nyingi ni udadisi wa mtu anayeishi na sura zile zile mwaka mzima, na mazungumzo mazuri yameanzia hapo. Ila hulazimiki kumsimulia mtu maisha yako. Sema "Moline" ukitaka, uendelee na chai yako. Na mahali moyo ukikataa, ondoka, mji una milango mingine.

Hatua ya 7: Asubuhi, panda ngazi

Hii ndiyo hatua nisiyotaka uiruke. Amka mapema, kabla ya kifungua kinywa. Main Street iko chini. Juu yake kuna Bench Street, na juu zaidi Prospect Street. Baina ya mitaa hii kuna ngazi ndefu za zege zenye vyuma vya kushikia, zinazopanda kando ya jengo la zamani la shule ya sekondari.

Mama yangu alipokuja kutoka Tanga nilimpandisha hapo akiwa na miaka 68. Alishika chuma kilichokuwa bado na umande, akavuta buibui lake juu kidogo, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika katikati akaketi kwenye ngazi. Chini yetu ukungu ulikuwa umelala mtoni, na minara ya makanisa imechomoza juu yake kama milingoti ya majahazi. Kengele ikalia mahali. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, hapa ni kama Lushoto." Alikuwa amekaa Marekani miezi miwili ndani ya nyumba yangu, mimi niko kazini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona ametulia.

Ulysses Grant, jemadari aliyeishinda Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na baadaye akawa rais, alikuja hapa mwaka 1860 kufanya kazi katika duka la ngozi la baba yake pale Main Street. Alipanga nyumba juu kilimani, na kila siku alishuka na kupanda. Hesabu mwenyewe magoti yake yalivyokuwa.

Onyo: wakati wa barafu ngazi hizi ni hatari. Kama zinang'aa, zunguka kwa barabara. Mwenye moyo au magoti mabovu apelekwe juu kwa gari hadi Prospect Street. Mandhari ni yale yale.

Hatua ya 8: Vuka mto, nenda nyumba ya Grant

Lipo daraja la miguu. Ng'ambo kuna bustani, na mlimani kuna nyumba ya matofali mekundu iliyojengwa mwaka 1860. Grant aliporudi kutoka vitani Agosti 1865 wenyeji walimkabidhi ufunguo wake kama zawadi. Vyombo vingi ndani ni vya familia yake kweli. Mji huu mmoja ulitoa majenerali 9 wa upande wa Kaskazini, mmoja wao Ely Parker, Mhindi Mwekundu wa kabila la Seneca, injinia aliyesimamia ujenzi wa ofisi ya forodha na posta hapa Galena. Mwaka 1865 Kusini iliposalimu amri, mkono ulioandika masharti ulikuwa wake. Watoto wanapenda kisa hicho, wasimulie mkiwa njiani. Siku na saa za kufungua hubadilika kwa msimu. Angalia kabla ya kupanda kilima.

Hatua ya 9: Mchana wa pili, chagua kimoja tu

Kosa kubwa la wengi wetu ni kutaka kumaliza vyote kwa sababu tumelipia mafuta. Chagua.

Ukitaka utulivu, nenda Horseshoe Mound, mashariki kidogo ya mji. Ni kilima cha wazi, bure, unaona majimbo matatu kwa mpigo. Nenda alasiri, ukae. Anayesali, kibla kutoka hapa ni kaskazini-mashariki, na nyasi ni safi. Vaeni suruali ndefu na soksi, kwa sababu kupe wa nchi hii wanaleta ugonjwa wa Lyme. Mkirudi chumbani kaguaneni: nyuma ya magoti, kwapani, kichwani mwa watoto.

Ukiwa na watoto wanaotaka shughuli, nenda Dubuque, kama maili 15. Kuna makumbusho ya mto Mississippi yenye samaki wakubwa wa mto. Kuna pia kigari cha kamba cha Fenelon Place kinachopanda genge. Kilianza mwaka 1882, kwa tajiri wa benki aliyekuwa na saa moja na nusu tu ya chakula cha mchana. Farasi wake alitumia nusu saa kulizunguka genge kwenda na nusu saa kurudi, na yeye alitaka alale kidogo, basi akajijengea njia ya kupanda moja kwa moja. Mtu mzima akipigania usingizi wake wa mchana, mimi namwelewa sana. Beba pesa taslimu. Wakati wa baridi hakifanyi kazi.

Mambo yakienda mrama

*Mvua kutwa nzima.* Kaa ndani. Kaa kwenye baraza la nyumba ya wageni na kitabu au na mwenzio. Safari haijaharibika; ulikuja kupumzika.

*King'ora cha kimbunga.* Hicho si majaribio mpaka uambiwe hivyo. Shukeni ghorofa ya chini kabisa, mbali na madirisha. Siku ya kufika muulize mwenye nyumba sehemu hiyo iko wapi.

*Umefika, chumba si kile cha kwenye picha.* Usifungue begi. Piga picha, rudi mapokezi, ongea kwa upole na kwa uthabiti. Ukishalala humo, madai yako yamepungua nguvu.

*Kadi imekataliwa.* Mara nyingi benki imeshtuka kuona kadi inatumika mbali. Angalia ujumbe kwenye simu, wapigie, wataifungua.

*Umegonga kulungu.* Washa taa za dharura, jitoe barabarani, piga 911. Usimsogelee, hata akionekana amekufa. Mateke yake yanavunja mfupa.

*Mgonjwa, na Kiingereza kimekukimbia.* Piga 911 useme neno moja, "Swahili", ukae kwenye laini. Vituo vingi vina wakalimani kwa simu. Jua jina la nyumba uliyopanga na barabara yake. Liandike kwenye karatasi na ulibandike ndani ya mlango siku ya kwanza.

*Dhamana haijarudi.* Subiri siku 7 za kazi, kisha ipigie benki kabla ya kuipigia hoteli; mara nyingi hoteli imeshaiachia na benki ndiyo bado imeishika. Uwe na risiti ya kuondokea mkononi. Kwa hiyo asubuhi ya mwisho, kabla ya saa tano, usitupe ufunguo kwenye kisanduku ukakimbia. Pita mapokezi, omba risiti, uisome hapo hapo, kisha uingie barabarani.